Lugha mama isiyo ya mama: kuomba msamaha wa somo katika shule za Singapore

SWALI

Assalaam alaikum wahariri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mwenyeji wa Tanga. Mume wangu ana mkataba wa kazi Singapore, umebaki miaka minne, na tunaishi naye huku.

Mdogo, Salim, alianzia darasa la kwanza hapa hapa. Siku ya kumwandikisha tuliambiwa tuchague lugha mama moja kati ya Kichina, Kimalei na Kitamil. Jirani akasema Kichina ndicho cha biashara, tukakifuata. Sasa anamaliza darasa la tatu na mtihani wa mwisho wa mwaka kapata 24 kwa 100. Kiingereza nacho anasuasua: neno lile lile atalisoma namna tatu katika ukurasa mmoja, na mistari anairuka. Hesabu hana shida kabisa. Mwalimu kanidokeza nimpeleke akapimwe.

Dada yake, Rahma, anatimiza miaka 11 mwakani. Alikuwa kwa bibi yake Tanga, shule ya mchepuo wa Kiingereza. Amefanya AEIS, ule mtihani wa wanafunzi wa kigeni wa Kiingereza na Hisabati, na kapata nafasi ya darasa la tano kuanzia Januari. Lugha zote tatu hizo hajui hata kusalimia.

Naomba kujua: naweza kuwaombea wote wawili wasamehewe somo hilo? Kiswahili hakiwezi kuhesabiwa, ilhali ndiyo lugha mama yao hasa? Au Kiarabu, maana Rahma amekhitimu msahafu? Na nimesikia mtoto akisamehewa hupewa alama za bure kwenye mtihani wa darasa la sita. Ni kweli? Baba yao anataka tuandike barua wizarani moja kwa moja.

Mama Rahma, Singapore


JIBU

Waalaikum salaam, Mama Rahma.

Tuanze na hizo alama za bure, kwa sababu ndizo zinazowaponza wazazi wengi. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi huko, PSLE, una masomo manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na lugha mama. Tangu 2021 kila somo lina daraja, kuanzia AL1 ambalo ndilo bora hadi AL8, na madaraja manne hujumlishwa. Jumla ndogo ndiyo nzuri: bora kabisa ni 4, ya mwisho kabisa ni 32. AL1 ni alama 90 na kuendelea, AL2 ni 85 hadi 89, AL3 ni 80 hadi 84, AL4 ni 75 hadi 79. Kutoka hapo ngazi zinatanuka: AL5 ni 65 hadi 74, AL6 ni 45 hadi 64, AL7 ni 20 hadi 44, na chini ya 20 ni AL8.

Mtoto aliyesamehewa hafanyi karatasi ya lugha mama, lakini nafasi yake kwenye hesabu haiachwi wazi. Hupangiwa daraja kwa kuangalia wenzake waliofanana naye katika yale masomo matatu walipata nini kwenye lugha mama. Na daraja hilo lina kikomo: AL6, AL7 au AL8, halipandi zaidi ya hapo.

Chukua mfano wa Rahma. Tuseme kapata AL3 ya Kiingereza, AL2 ya Hisabati na AL3 ya Sayansi. Hiyo ni 8. Akiwa amesamehewa, akipangiwa AL6, jumla ni 14. Mwenzake mwenye madaraja hayo hayo aliyefanya Kimalei na kupata alama 65 tu ana AL5, yaani jumla 13. Mwenye 45 hadi 64 analingana na aliyesamehewa akapangiwa AL6, daraja bora analoweza kupewa. Maana yake msamaha unaanza kulipa pale tu ambapo mtoto angepata chini ya 45. Na hata Rahma akizoa AL1 tatu, hawezi kushuka chini ya jumla ya 9, kwa hiyo zile shule chache ambazo wa mwisho kuchukuliwa huwa na 8 au pungufu azisahau. Tusitiane hofu lakini: jumla ya 4 hadi 20 humweka mtoto kundi la juu kati ya makundi matatu ya kuingilia sekondari, na 14 iko humo bila wasiwasi.

Sasa nani husamehewa. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya aliyeingia katikati ya safari, awe Msingapore aliyekulia nje au mwanafunzi wa kigeni, asiye na msingi wa lugha hizo. Ya pili ni ya mtoto mwenye tatizo la kujifunza lililothibitishwa na mtaalamu, zito kiasi kwamba lugha ya pili inamzamisha. Alama mbovu peke yake si sababu. “Nyumbani hatusemi lugha hiyo” nayo si sababu. Zipo nyumba nyingi za Kichina huko zinazosema Kiingereza asubuhi hadi usiku, na watoto wao wanakisoma Kichina vile vile. Ndiyo maana watoto wako wawili hawawezi kuingia kwenye ombi moja. Kesi zao hazifanani.

Kuhusu Kiswahili, jibu ni hapana. Neno “lugha mama” huko lina maana ya kiserikali: ni lugha ya kabila ulilosajiliwa nalo, si ile ya kubembelezea mtoto. Mchina husoma Kichina, Mmalei Kimalei, Mhindi Kitamil au mojawapo ya lugha tano nyingine za Kihindi zinazokubaliwa: Kihindi chenyewe, Kibengali, Kigujarati, Kipanjabi na Kiurdu. Asiye wa makabila hayo, kama watoto wako, huchagua. Wageni na wanaorejea kutoka nje wanaweza pia kuombewa lugha mbadala, na Kiarabu kweli kimo, pamoja na Kiburma, Kithai, Kifaransa, Kijerumani na Kijapani. Lakini kwa shule ya msingi njia hii haikupi kitu: shule haimfundishi, mwalimu unamtafuta na kumlipa mwenyewe, na kwenye PSLE mtoto wa lugha mbadala hupangiwa daraja kama aliyesamehewa, lile lile la AL6 hadi AL8. Tena kukhitimu msahafu ni heri kubwa, ila kusoma kwa tajwidi si sawa na kuandika insha ya Kiarabu. Suala hilo liwekeni hadi sekondari.

Kwa Rahma tunashauri muombe msamaha, na mapema. Anaingia darasa la tano Januari, na karatasi za kuandika za PSLE hufanywa mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba mwaka unaofuata. Mtihani wa mazungumzo hutangulia mwezi Agosti. Ana kama miezi 20 ya kukimbizana na watoto walioanza lugha hiyo wakiwa na miaka 7, na muda huo huo anahitaji Sayansi ya mtaala mpya kwake. Angekuwa anaingia la pili au la tatu, tungekwambia asome Kimalei bila kusita.

Mwambie baba yao aiweke kalamu chini. Ombi hupitia shule, na shule ndiyo inayolipeleka wizarani na maoni yake. Barua inayokwenda wizarani moja kwa moja itakurudisha kwa mwalimu mkuu, na wiki kadhaa zimekwishapotea. Siku ya kuripoti, omba kuonana na mkuu wa idara ya lugha mama na uchukue fomu kwake. Uwe na hivi mkononi: ripoti za shule ya Tanga za miaka yote aliyosoma, si ya mwisho tu, nakala za pasipoti zenye mihuri ya kuingia na kutoka, kibali chake cha kuishi au cha masomo, na barua ya kukubaliwa kupitia AEIS. Ripoti zikiwa na maneno ya Kiswahili, hata yale maoni mafupi ya mwalimu wa darasa chini ya ukurasa, zitafsiriwe na mtafsiri anayegonga muhuri. Maombi hukwama kwa vitu vidogo kama hivi: ripoti imeandikwa “Lugha” bila kusema lugha gani, afisa anabaki akijiuliza. Iombe shule ya Tanga iandike aya moja kwenye karatasi yenye nembo yake, itaje lugha alizofundishwa na miaka yake.

Barua yako nawe iwe fupi, kwa Kiingereza, na isilalamike. Maudhui yake yawe hivi:

“Mwanangu amesoma darasa la kwanza hadi la nne Tanzania, ambako lugha zilizofundishwa ni Kiingereza na Kiswahili. Hajawahi kufundishwa Kichina, Kimalei wala Kitamil. Anajiunga na darasa la tano mwezi Januari, na atafanya PSLE mwaka unaofuata. Tunaomba asamehewe somo la lugha mama. Tumeambatisha ripoti zake za miaka yote na barua ya shule yake ya awali.”

Basi. Ukianza kueleza kwamba Kichina ni kigumu au kwamba atapata msongo, umeitoa kesi yako kwenye ushahidi na kuipeleka kwenye huruma. Wakati mnasubiri jibu, Rahma aingie darasani kama kawaida. Kuna wazazi wanaomwambia mtoto asihudhurie kwa kuwa “ombi liko njiani”. Shule hulichukulia hilo kama utoro. Na jibu lipatikane kabla ya usajili wa watahiniwa, ambao hufanyika miezi ya mwanzo ya darasa la sita. Ukiomba baada ya hapo unaifanya shule ihangaike, na wewe pia.

Salim ndiye anayetutia fikra zaidi.

Kwake usiombe msamaha sasa. Njia ya kuchelewa kuingia haimhusu, kwa kuwa alianza na wenzake siku ya kwanza. Imebaki njia ya tatizo la kujifunza, na hiyo bila uchunguzi haifunguki. Ulichokieleza, kusoma neno lile lile namna tatu, kuruka mistari, huku hesabu ziko sawa, kinafanana na diseleksia, yaani shida ya kusoma na kuandika isiyotokana na upungufu wa akili, lakini kufanana si kupimwa. Anza na macho na masikio. Ni vipimo vya bei nafuu na bila hivyo mwanasaikolojia atakurudisha. Halafu omba shule ikukutanishe na afisa wake wa mahitaji maalumu. Shule za msingi za serikali huko zina mpango wa kuwasaidia watoto wenye diseleksia kusoma Kiingereza, unaotolewa shuleni darasa la tatu na la nne. Salim yuko kwenye umri huo huo, kwa hiyo uliza wiki hii, usingoje Januari.

Uchunguzi kamili hufanywa na mwanasaikolojia wa elimu. Anapima akili kwa jumla, usomaji, tahajia na kumbukumbu ya sauti. Mwambie mapema mambo mawili. La kwanza, Salim nyumbani anasema Kiswahili. Asipojua hilo anaweza kuhesabu upungufu wa msamiati wa Kiingereza kuwa ni ugonjwa. La pili, unataka ripoti iseme wazi hali yake katika lugha mama na inapendekeza nini kuhusu somo hilo. Ripoti nyingi nzuri hushindwa hapa tu: kurasa 15 za vipimo vya Kiingereza, na juu ya Kichina hakuna hata sentensi moja. Wizara nayo haisamehi kirahisi hata kwa mwenye ripoti. Kwanza huuliza kama somo likipunguzwa uzito ataweza.

Kupunguzwa uzito maana yake ni lugha mama ya kiwango cha msingi, inayosomwa darasa la tano na la sita. Mwisho wa darasa la nne shule hukupendekezea mchanganyiko wa masomo, na wewe mzazi ndiye unayeamua. Kwenye PSLE kiwango hicho kina madaraja A, B na C. A ni alama 75 na kuendelea na huhesabiwa AL6, B ni 30 hadi 74 na huhesabiwa AL7, C huwa AL8. Linganisha na msamaha: ni AL6 hadi AL8 vile vile. Tofauti ni kwamba kwenye msamaha daraja lake linaamuliwa na alama za watoto wengine, na kwenye kiwango cha msingi linaamuliwa na jasho lake, tena anatoka na lugha. Sisi tungechagua hilo la pili, isipokuwa kama ripoti itasema mtoto hawezi kabisa.

Ila tungebadilisha lugha yenyewe. Kubadili kunahitaji kibali cha wizara kupitia shule, na darasa la nne litamkuta akiwa nyuma miaka mitatu. Hata hivyo tunaona inafaa kuuliza, kwa sababu Kichina ni uchaguzi mgumu kuliko yote kwa mtoto anayesumbuliwa na herufi. Kila neno lina umbo lake la kukariri, mistari kumi na kitu ndani ya kisanduku kimoja, na sauti ikipanda au kushuka maana inabadilika. Kimalei kinaandikwa kwa herufi za Kirumi na kinasomeka kinavyoandikwa, karibu kama Kiswahili. Mtoto mwenye diseleksia hufanya makosa machache katika maandishi ya namna hiyo kuliko katika ya Kiingereza.

Na Salim hataanza na mikono mitupu. Mfunulie kitabu cha Kimalei cha darasa la kwanza umwonyeshe: bendera ni bendera, meja ni meza, kertas ni karatasi, limau ni limau, nanas ni nanasi, dunia ni dunia, waktu ni wakati, sebab ni sababu, kamus ni kamusi. Watu wakikutana huulizana “Apa khabar?”, na mtoto wa Tanga hahitaji kuelezwa khabar ni nini. Ijumaa ni Jumaat na Alhamisi ni Khamis. Ni maneno yale yale ya Kiarabu na ya Kireno yaliyopakiwa kwenye majahazi na merikebu za bahari moja. Hata kuongeza viambishi mbele ya neno, tulis kuwa menulis, baca kuwa membaca, hakutamshangaza aliyezoea anasoma na wanasoma.

Yapo ya kuchekesha pia, na myataje mapema yasije yakamgharimu: kakak ni dada mkubwa, dada ni kifua, na kuku ni ukucha. Kuku wa kuliwa ni ayam. Herufi c isomwe ch. Herufi e ina sauti mbili zinazoandikwa sawa, moja kama yetu na nyingine hafifu, ya kumezwa. Hii ndiyo itakayomsumbua, kwa hiyo asome kwa sauti kila siku dakika 10 na mtu anayeijua lugha. Mtaa wowote huko una mama wa Kimalei, na msikitini hamtamkosa.

Shule ikikataa kubadili, basi endeleeni na Kichina, mpeni msaada wa kusoma darasa la nne, na mwisho wa mwaka mchukue kiwango cha msingi. Ripoti ya mwanasaikolojia itawasaidia pia kwenye kitu kingine ambacho wazazi hukisahau: muda wa ziada kwenye mitihani, kwa masomo yote, si lugha tu. Huo huombwa peke yake, kupitia shule.

Tukirudi kwa Rahma. Kibali kikitoka, kisome: kinasema msamaha ni wa shule ya msingi tu au unaendelea sekondari? Kama hakisemi, uliza kwa maandishi ujibiwe kwa maandishi. Tengeneza nakala tatu na halisi uifungie pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Vyuo vikuu vya serikali huko vina sharti la lugha mama kwa waliosoma mfumo wa Singapore, na mwenye msamaha huulizwa karatasi yake miaka mingi baadaye, wakati shule ya msingi haimkumbuki tena.

Wenzake wakiwa kwenye lugha mama, Rahma atakaa maktaba au nyuma ya darasa jingine chini ya uangalizi, na mara nyingi huambiwa aje na kazi yake ya kufanya. Mkataba wa baba yake ukiisha atarudi Tanzania akiwa umri wa sekondari, na Kiswahili huko ni somo la lazima hadi kidato cha nne. Mwombe bibi yake atume vitabu vya Kiswahili vya darasa la tano na la sita, na daftari la insha. Kila wiki aandike insha moja, na Ijumaa jioni aipige picha amtumie bibi asahihishe.